Masta ya sayansi ya chakula na lishe: namna ya kuomba na kupata wa kukulipia, hatua kwa hatua

Kila mwaka vijana wazuri kabisa wanaomaliza SUA, JKUAT, Makerere na kwingineko wanakosa masta ya nje, na siyo kwamba hawana uwezo, ila wameanza mwisho wakaja mwanzo. Anachagua chuo kwanza, anaomba, anapata barua ya admisheni, anafurahi na familia inafurahi, halafu ndio anaanza kuuliza hela itatoka wapi, na hapo dedilaini ya ufadhili ilishapita miezi mitatu nyuma. Kwenye fani yetu hii tafuta pesa kwanza, chuo kitafuata. Skolashipu nyingi zinazolipa kila kitu zimefungwa kwenye programu fulani, nchi fulani, na watu wa aina fulani, kwa hiyo ukijua pesa imekaa wapi unajua pia uombe nini, lini, na uandike nini.

Nitaongelea zaidi upande wa Tanzania maana ndio ninaoujua vizuri, ila wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mambo mengi ni yaleyale.

Hatua ya kwanza: jua unasomea nini hasa

Usiandike "food science and nutrition" kila mahali kama kitu kimoja. Sayansi na teknolojia ya chakula ni kemia, maikrobiolojia, usindikaji, ufungashaji, usalama wa chakula, yaani maabara na kiwanda. Lishe ya binadamu ni mwili, magonjwa, takwimu, epidemiolojia, na kazi za jamii kama zile za maafisa lishe wa halmashauri. Kamati ya uteuzi inakagua transkripti yako kuona kama una msingi, kwa hiyo mtu aliyesoma lishe ambaye hana kemia ya chakula wala uhandisi wa usindikaji akiomba Food Technology mara nyingi anakataliwa mapema tu, na wa usindikaji akiomba epidemiolojia ya lishe ataulizwa takwimu alisoma kiasi gani.

Kuna upande wa tatu ambao nakuomba uwe nao makini, nao ni dietetiki, ile ya kuhudumia wagonjwa hospitalini. Nchi kama Uingereza na Marekani ina leseni yake na mafunzo ya vitendo hospitalini yenye nafasi chache, na wafadhili wengi wa maendeleo hawaigusi. Kama moyo wako uko kwa wagonjwa, angalia masta za lishe ya afya ya jamii au lishe ya kitabibu ambazo hazikulazimishi kuwa na leseni ya nchi ile, kisha usajili wako ushughulikie huku nyumbani.

Hatua ya pili: pesa imekaa wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kaa na daftari kabisa.

Ubelgiji naiweka juu kwa watu wa chakula. Serikali ya Ubelgiji kupitia VLIR-UOS, shirika la ushirikiano la vyuo vya Flanders, kwa miaka mingi imefadhili masta zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi zetu, na kwenye fani yetu kuna Food Technology inayofundishwa kwa pamoja na KU Leuven na Ghent, na Ghent imewahi kuwa na Nutrition and Rural Development. Inalipa ada, posho ya kujikimu, bima na nauli. Viti ni vichache na orodha ya programu na nchi inapitiwa kila awamu, kwa hiyo fungua orodha ya mwaka wako wewe, usitegemee posti ya miaka minne iliyopita. Kingine ni kwamba skolashipu hii huiombi peke yake pembeni, unaomba programu na kwenye fomu ileile unaonyesha unataka ufadhili, na watu wanakosa kwa sababu tu hawakujaza kipengele hicho.

Halafu kuna Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Hizi ni masta zinazoendeshwa na vyuo kadhaa vya Ulaya kwa pamoja, unasoma semesta huku na semesta kule. Kwa chakula kuna FIPDes inayohusu ubunifu wa bidhaa za chakula, na KU Leuven nayo imewahi kuongoza programu za aina hii. Programu zinakuja na kuondoka kwa hiyo ingia kwenye katalogi ya Erasmus Mundus, andika food, kisha nutrition, kisha public health, usome zote. Anayepata ufadhili halipi ada, anapewa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, ila nauli na viza inabidi utoe humohumo kwenye 1,400, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka siku ya kukata tiketi. Dirisha lake ni Oktoba hadi Januari hivi, na unaomba moja kwa moja kwa programu.

Ujerumani kuna DAAD, shirika lao la kufadhili wanafunzi na wasomi wa nje, na mlango mzuri kwetu ni ule unaoitwa EPOS, wa masta zinazohusu maendeleo. Wanataka angalau miaka 2 ya kazi baada ya digrii, na digrii yenyewe kwa kawaida isiwe imezidi miaka 6. Mtu anaona DAAD anakimbilia kwenye mfumo wa DAAD, lakini maombi ya EPOS kwa kawaida unatuma kwenye programu yenyewe chuoni na kila programu ina dedilaini yake, nyingi zikiangukia kati ya Agosti na Oktoba mwaka mmoja kabla ya kuanza. Utasikia pia kwamba Ujerumani masomo ni bure, na kwa vyuo vingi vya umma ni kweli, lakini jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa semesta, na Hohenheim, chuo kikubwa cha kilimo na chakula, kiko jimbo hilohilo. Na hata ada ikiwa bure, bila skolashipu ubalozi utataka uonyeshe euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalum ambayo kila mwezi unaruhusiwa kutoa kiasi tu. Piga hesabu kwa shilingi kabla hujamwambia mzazi auze shamba.

Sweden wana skolashipu za Swedish Institute. Unahitaji saa 3,000 za kazi pamoja na ushahidi wa uongozi, na programu lazima iwe kwenye orodha yao. Lund wana Food Technology and Nutrition, iangalie kama ipo kwenye orodha ya mwaka huo. Utaratibu wake unaenda kwa awamu mbili, kwanza unaomba chuo kupitia universityadmissions.se mpaka katikati ya Januari, halafu ufadhili unaomba Februari. Ukikosa awamu ya kwanza ya pili haipo.

Uingereza kuna skolashipu za Chevening na za Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola. Chevening wanataka saa 2,800 za kazi, na kazi ya kujitolea inahesabika, unachagua kozi tatu, na huhitaji kuwa na admisheni siku unayoomba. Inafunguliwa kama Agosti na inafungwa Oktoba hivi. Ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka 2. Wanachagua viongozi zaidi kuliko wanasayansi, kwa hiyo afisa lishe wa wilaya aliyeanzisha kitu kinachoonekana ana nafasi kumshinda mwenye GPA kubwa asiye na cha kusimulia. Commonwealth Shared Scholarships hazisemwi sana ila ni nzuri, vyuo vinakuwa na kozi maalum kwenye orodha na zimekusudiwa mtu ambaye bila ufadhili hawezi kusoma Uingereza. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Kozi za kuzitazama ni Nutrition for Global Health ya London School of Hygiene and Tropical Medicine, pamoja na za Reading, Leeds na Nottingham kwa upande wa chakula.

Uholanzi, Wageningen ni jina kubwa kuliko yote kwenye fani hii lakini ufadhili wake umepungua. Orange Knowledge Programme iliyowapeleka wengi wetu imeisha. Kilichopo ni mifuko ya chuo chenyewe, kama Anne van den Ban, na huko wanaangalia waliokwishapata admisheni, kwa hiyo ni lazima uombe chuo mapema sana.

Marekani mfumo ni tofauti kabisa. Kule pesa nyingi haziitwi skolashipu, zinaitwa assistantship, unafanya kazi ya utafiti kwa profesa au unasaidia kufundisha maabara, chuo kinakufutia ada na kukulipa posho. Maana yake anayeamua ni profesa mwenye mradi na siyo ofisi ya ufadhili. Masta isiyo na tasnifu karibu haina pesa, usiiombe kama huna hela yako. Nitakuwa mkweli pia kwamba hali ya sasa siyo ya zamani, mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata fedha za USAID na maabara nyingi za Feed the Future, mpango wao wa kilimo na chakula, zilizokuwa zinalipia wanafunzi wa Kiafrika zikasimama, na masharti ya viza yamebadilika sana tangu mwaka huo, kwa hiyo angalia masharti ya nchi yako kwanza kabla ya kulipa hata dola moja ya maombi.

Kwa ufupi wengine: Japan kuna ABE Initiative ya JICA, shirika lao la misaada, na MEXT ya wizara yao ya elimu, China kuna skolashipu ya serikali na Jiangnan huko Wuxi ni chuo chenye nguvu sana kwa chakula, na Mastercard Foundation wana ubia na vyuo kama Makerere, Pretoria na Edinburgh.

Usiidharau ya nyumbani

Hili naliweka peke yake kwa sababu naona linavyobezwa, na linaniuma. Masta ya SUA Morogoro, au ya chuo cha Nelson Mandela (NM-AIST) pale Tengeru Arusha ambako kuna kituo cha CREATES cha uhakika wa chakula na lishe kilichoanzishwa kwa fedha za Benki ya Dunia, au ya Kabete chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au Applied Human Nutrition ya Makerere, inakupa utafiti juu ya chakula chetu wenyewe, na ni njia nzuri ya kufikia PhD ya nje yenye ufadhili.

Pesa ya nyumbani mara nyingi haitangazwi kwenye tovuti kubwa, inakuja kupitia miradi ya wahadhiri. Mhadhiri akishinda mradi, ndani ya bajeti kunakuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja au wawili wa masta. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu wenye makao Kampala, kwa miaka mingi umetoa ruzuku za utafiti ambazo mhadhiri anaomba na ndani yake wanafunzi wawili wa masta wanalipiwa. DAAD pia wana skolashipu za kusoma hapahapa ukanda wetu. Kwa hiyo fuatilia nani ana mradi gani, nenda idarani, soma ubao wa matangazo, ongea na wanafunzi wa masta waliopo uwaulize nani anawalipia. Kigezo cha kuingia kwa Tanzania kwa kawaida ni GPA ya 2.7, kwa hiyo hata mwenye lower second ana mlango hapa, na akifanya masta vizuri na kuchapisha karatasi moja ile GPA ya digrii ya kwanza inapungua uzito.

Hatua ya tatu: makaratasi, anza mwaka mmoja na nusu kabla

Paspoti kwanza. Ya Tanzania ni shilingi 150,000 na inahitaji cheti cha kuzaliwa, na kama jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four na transkripti hayafanani, hata kama ni herufi mbili tu, Mwajuma na Mwanajuma, shughulikia sasa hivi kwa kiapo au deed poll, yaani hati ya kubadili jina, usisubiri ubalozi ndio ukuulize.

Transkripti na cheti, skani kwa rangi, kurasa zote na nyuma pia pale penye maelezo ya madaraja. Vyuo vyetu vya Tanzania vinatumia GPA ya 5.0 na wazungu wengi wanatumia 4.0 au mfumo wao mwingine. Usibadilishe mwenyewe. Andika 3.8 kati ya 5.0, upper second, basi. Ukiandika 3.8 peke yake mtu wa Marekani atadhani ni kati ya 4.0, kisha akifungua transkripti ataona kama umedanganya.

Kiingereza: wengi wanataka 6.5 kwenye mtihani wa IELTS na cheti kinadumu miaka 2, kwa hiyo usifanye mapema mno. Kabla hujalipia, tuma emaili chuoni uulize kama wanakubali barua ya chuo chako inayosema ulisoma kwa Kiingereza. Baadhi wanakubali, baadhi wanakubali kwa admisheni ila mfadhili hakubali, na wengine wanakubali Duolingo ambayo ni bei rahisi zaidi na unaifanyia nyumbani ukiwa na intaneti nzuri na chumba kimya. Ada ya maombi nayo iulizie msamaha, sentensi mbili za heshima tu zinatosha kuuliza. Ujerumani ukipitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi kwa niaba ya vyuo, ni euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata, iweke kwenye bajeti.

Barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na saa kwa wiki. Hata kama ulijitolea kwenye kituo cha afya au kiwanda kidogo cha kusindika karanga, omba barua leo, maana bosi anahama, kiwanda kinafungwa, na wewe unabaki na saa ambazo huwezi kuthibitisha.

Hatua ya nne: barua za mapendekezo

Wahadhiri wetu wana wanafunzi mamia, wana miradi, wako fildi, na mfumo wa chuo cha nje unamtumia linki inayokufa baada ya wiki mbili. Ukimstua siku tatu kabla atakuandikia mistari minne ya jumla, au hatakuandikia, na hatakuwa na kosa. Mpe mwezi. Mtumie ujumbe wenye kila kitu, asilazimike kukuuliza. Kitu kama hiki:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa Food Science niliyemaliza 2022, ulinisimamia projekti ya kukausha embe kwa sola, ile tuliyopima vitamini C kabla na baada ya kukausha. Kwa sasa nipo kiwanda cha unga Iringa, upande wa ubora. Naomba masta ya Food Technology Ghent na Leuven, dedilaini ni tarehe 1 Februari. Naomba kama utaridhia uniandikie barua ya mapendekezo. Nimeambatanisha CV, transkripti, rasimu ya barua yangu na ukurasa mmoja wa mambo niliyofanya chini yako ambayo unaweza kuyatumia. Linki itakuja kwenye emaili yako ya chuo. Nitakukumbusha wiki moja kabla kama hutajali. Asante sana Dokta."

Unaona hapo, amemkumbusha yeye ni nani, kitu gani walifanya pamoja, na lini inahitajika. Ule ukurasa mmoja wa mambo uliyofanya ndio unaofanya barua iwe na uzito, kwa sababu mhadhiri hawezi kukumbuka kwamba wewe ndiye uliyekesha maabara kurudia titresheni baada ya matokeo kutofautiana. Na tumia emaili yake ya chuo, siyo gmail, mifumo mingine inaikataa gmail kabisa.

Hatua ya tano: barua ya motisha, hapa ndio kazi ilipo

Barua nyingi zinaanza hivi: tangu utoto nimekuwa na shauku na chakula, nchi yangu ina utapiamlo, chuo chenu ni bora duniani, nikirudi nitasaidia jamii yangu. Haina uongo ndani yake lakini ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kutoka nchi yoyote, na anayesoma barua mia mbili haoni sababu ya kukukumbuka.

Sisi tuna kitu ambacho mtu wa kule hana, nacho ni tatizo tunalolijua kwa karibu. Tazama hii: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na mkoa unaoongoza ni Iringa kwa karibu asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa kwenye 50 hivi. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Au sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi waliyovuna wenyewe na kuhifadhi wenyewe. Kama wewe umekulia Kondoa au unafanya kazi Mafinga, una cha kuandika ambacho hakuna mwingine atakiandika.

Tuseme yule wa kiwanda cha unga Iringa anaandika. Angeweza kuanza hivi:

"Kazi yangu ni kuhakikisha unga wa mahindi unaotoka kiwandani umeongezwa virutubishi ipasavyo. Kila zamu nachukua sampuli, naitandaza kwenye sahani, nadondoshea kemikali, na madoa mekundu yakitokea najua madini ya chuma yapo. Lakini madoa hayaniambii ni miligramu ngapi kwa kilo, na siku mashine ya kuchanganyia ikienda kasi kuliko kinu, mfuko mmoja unapata nyingi na mwingine unapata kidogo. Sampuli ya kwenda maabara inachukua wiki kadhaa kurudi na unga umeshaliwa. Nataka kujifunza namna ya kupima na kudhibiti mchanganyiko huu palepale kiwandani, kwa gharama ambayo msagishaji mdogo anaimudu."

Baada ya hapo hana haja ya kusema ana shauku. Aya inayofuata aonyeshe amesoma programu kwa kutaja somo lipi litamsaidia kwa lipi, na maabara gani chuoni inafanya kazi inayokaribiana na yake. Inayofuata aeleze akirudi atafanya nini na wapi, kwa majina ya vitu vilivyopo: TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanasimamia usalama wa chakula baada ya kuchukua jukumu hilo kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, Taasisi ya Chakula na Lishe, SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa wasindikaji wadogo, mkataba wa lishe wa mikoa. Mfadhili wa maendeleo anatafuta ushahidi kwamba pesa yake itafanya kazi huku, na ukitaja taasisi halisi na nafasi yako ndani yake umempa ushahidi huo.

Andika mwenyewe. Programu za akili bandia zitumie kusahihisha sarufi ukipenda, ila ukiziachia ziandike barua nzima zitakurudisha kwenye tangu utoto nimekuwa na shauku, na wasomaji wa kamati wameshazizoea. Mpe mtu wa fani aisome, halafu mpe mtu asiye wa fani, dada yako au jirani, kama hajaelewa tatizo lako ni nini basi aya ya kwanza bado.

Kumwandikia profesa

Kwa Marekani, kwa PhD popote, na kwa NM-AIST pia inasaidia. Emaili iwe fupi, isizidi nusu ukurasa. Mstari wa kwanza sema wewe ni nani na unataka kuanza lini. Wa pili na wa tatu taja karatasi yake moja uliyoisoma kweli na swali moja linalotokana nayo kwenye mazingira ya kwako, kwa mfano amefanya kazi ya sumukuvu kwenye mahindi yaliyokaushwa kwa mashine, wewe umwulize inakuwaje kwa mahindi yanayokaushwa chini kwenye udongo na kuhifadhiwa kwenye viroba. Kisha sema ujuzi wako wa maabara kwa majina, kama umeshika mashine ya HPLC sema, kama hujashika usiseme. Mwisho uliza kama anachukua mwanafunzi mwaka huo na kama ana ufadhili. Ambatanisha CV na transkripti. Usitume emaili moja kwa maprofesa ishirini kwa mpigo, wanaongea wao kwa wao. Asipojibu wiki mbili mkumbushe mara moja, akikaa kimya endelea na mwingine, na wala usijisikie vibaya, wengi wao hawana pesa mwaka huo na hawana muda wa kusema hivyo.

Neno kuhusu matapeli. Ukiambiwa ulipe "hela ya kufungua faili" ili upate skolashipu, ondoka. Chevening, DAAD, VLIR-UOS, Erasmus Mundus, hakuna hata mmoja anayeuza nafasi kupitia wakala.

Hatua ya sita: umechaguliwa, sasa kuna kazi nyingine

Intavyuu kama ipo, wanauliza mambo yaleyale uliyoandika, kwa hiyo soma barua yako upya na jiandae kueleza tatizo lako kwa dakika mbili bila maneno magumu.

Kama ni mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo ianze kuombwa siku unayoomba skolashipu na siyo siku unayoipata, maana barua inapita kwa mkuu wa idara, mkurugenzi, na inaweza kukaa mezani kwa mtu miezi. Ukiondoka bila ruhusa unahesabiwa mtoro na kurudi kazini kunakuwa kesi.

Tenga hela ya mwanzo. Hata skolashipu inayolipa kila kitu posho ya kwanza inaweza kuchelewa wiki kadhaa, na mwenye nyumba Ulaya anataka kodi na dipoziti siku ya kwanza. Mwandikie mratibu wa skolashipu umwulize posho ya kwanza inaingia tarehe ngapi, kisha ukope au uchange kulingana na hiyo tarehe.

Na hili la mwisho ni la watu wa lishe hasa. Kama tasnifu yako utakusanya data huku nyumbani, utahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya, kama ni Zanzibar, na mtafiti wa taasisi ya nje anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kama utachukua damu au sampuli za chakula kwenda kupimia nje kuna mkataba wa kuhamisha sampuli juu yake. Vyote vinachukua miezi na vina ada, na masta ya mwaka mmoja au miwili haikusubiri. Mtafute msimamizi wa huku, SUA au Muhimbili au Taasisi ya Chakula na Lishe, ukiwa bado hujapanda ndege, mkubaliane mada, na rasimu ya pendekezo la utafiti iwe imekaa sawa ifikapo mwisho wa semesta ya kwanza ili maombi ya kibali yaingie NIMR wewe ukiwa bado darasani.